Hakimu Aliyefungwa na Amri Yake

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Watu wa kutaja koo wapo wengi huku kwetu, na wakianza hawamalizi. Mimi nitaandika nilichokiona kwa macho yangu, na macho haya, ukiuliza sokoni Keroka, hayajawahi kudanganywa na gunia la mahindi lililotiwa mchanga chini. Shule niliiacha darasa la pili. Leo nina lori mbili zinazopanda kutoka Kisii hadi Kericho, mashine ya kusaga kando ya barabara, na nyumba yenye madirisha ya vioo. Hakuna aliyenisukuma. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kutetemeka mbele ya mwenye kalamu. Lakini mtu huyu tuliyeendelea kumwita Bwana Hakimu hata alipostaafu akawa anachunga ng'ombe wake mwenyewe upande wa Nyamira, siku za kazi yake alinipa ushindi kortini, na ushindi ule ukatushika watatu kama waya wa mtego wa fuko: mimi, yeye, na mama mjane aliyekuwa jirani yangu.

Kesi ilikuwa ya kipande cha shamba. Si kikubwa, ukiwa na miguu mirefu unakivuka kabla hujamaliza kuimba ubeti mmoja. Kilianzia kwenye mstari wa mkonge kikashuka hadi barabarani, na ndani yake mlikuwa na migomba ya yule mama na njia yake ya kwenda kuchota maji. Mimi nilikitaka kwa sababu ya barabara. Mashine ya kusaga ikiwa mbali na barabara ni chuma tu. Na wakati huo, miaka ya kwanza kwanza ya Uhuru, wapimaji wa serikali walikuwa wanapita kijiji kwa kijiji wakiandika kila shamba na mwenyewe. Aliyekuwa na amri ya korti mkononi ndiye angeandikwa. Asiyekuwa nayo angebaki na hadithi.

Sasa nimweleze mwenyewe alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya kahawia, viatu vilivyong'aa hata kwenye tope la mwezi wa nne. Alitembea kwa miguu. Mara nyingi nilisimamisha lori, nikamwambia, "Bwana Hakimu, panda, mvua hii itakumaliza." Anajibu bila kusimama, "Nikipanda leo, na kesi yako ije kesho, nitakulipa nauli ya namna gani?" Basi analoa. Nilimwona mjinga. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa mjinga, alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa huu: aliogopa kumsikia mtu mmoja bila mwenzake.

Ilikuwa hivi. Ukimwendea na lalamiko, popote, hata kanisani baada ya misa, huku umeanza tu, "Bwana Hakimu, yule jirani yangu ame..." yeye anainua mkono. "Mwenzako yuko wapi?" Ukisema yuko nyumbani, anasema, "Basi maneno yako nayo yaende nyumbani yakamsubiri." Watoto wake walikuwa hawawezi kumshtaki ndugu yao mpaka wamkokote mpaka mbele ya baba. Mke wake, mama mcheshi sana, alizoea kutuambia pale gengeni, "Mimi nikimwambia mbuzi amekula sukuma wiki, atataka mbuzi aitwe ajitetee!" Tukicheka, yeye anaongeza, "Na mbuzi akiitwa, nawaambia, atashinda."

Aliamini kwamba kumhukumu mtu bila kumsikia ni dhambi kabla haijawa kosa la sheria. Alipenda kusema, "Hata Mungu alimwita Adamu kwanza. Alijua alipo, lakini alimwita: uko wapi?"

Na alikuwa na sikio kali. Kuna siku nilikaa kortini nikingoja kesi ya mtu mwingine. Karani alikuwa mgeni, Kiswahili chake kizuri cha pwani, Kigusii hajui hata salamu. Shahidi mmoja kijana akasema ng'ombe walipelekwa na baba. Karani akaandika, baba. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Karani, umeandika nini?"

"Nimeandika baba yake, mheshimiwa."

"Huyo baba ni mama."

Korti nzima ikavunjika mbavu. Maana kwa Kigusii, asiyejua ajue, baba ni mama yako mzazi. Baba yako ni tata. Karani wa watu akatazama huku na huku kama aliyeambiwa jua linachomoza Kisumu. Hakimu hakucheka. Alisema, "Neno moja kama hili linaweza kumnyang'anya mtu ng'ombe. Futa." Mimi niliondoka pale nikijisemea, mtu huyu hawezi kupitwa na neno.

Alipitwa.

Lakini kabla sijafika huko, niseme upande wake wa pili, kwa sababu mtu mwenye upande mmoja ni shilingi bandia. Huyu mpole wa kusikiliza alikuwa mgumu kama kisiki cha mti mweusi. Tulicheza naye drafti siku za Jumapili, kwa vifuniko vya soda, nje ya duka moja Keroka. (Siku za kazi hakucheza na mtu aliyekuwa na kesi, na sisi watu wa Gusii, nani hana kesi ya shamba? Kwa hiyo alicheza na wachache.) Ukigusa kifuniko umekisogeza. Ukikisogeza, umekula au umeliwa, haurudishi. Siku moja aliweka kifuniko chake mahali ambapo hata kipofu angeona vinaliwa vitatu. Mwenzake, mwalimu mmoja, akamwonea huruma: "Rudisha, Bwana Hakimu, hukuona."

"Mkono umetoka."

"Lakini hukuona!"

"Sikuona, lakini mkono umetoka. Kula."

Akaliwa. Akakaa akikodolea ubao macho mpaka jua likaingia mawinguni.

Na kazini ndivyo alivyokuwa. Akimaliza kusoma amri, anafunga kalamu, anailaza juu ya faili, anasema, "Korti imesema." Baada ya hapo hata ungelia damu. Alitueleza siku moja, mimi na yule mwalimu, kwa maneno ambayo hata mtu wa darasa la pili angeyaelewa. "Kalamu yangu ikiteleza, nimeandika ng'ombe wanne badala ya watatu, naweza kusahihisha mwenyewe. Lakini akili yangu ikiteleza, siwezi. Huyo ni mkubwa wangu wa Kisumu, kwa rufaa. Mimi nikianza kurudia hukumu zangu kila ninapojuta, watu wa Kisii watakuwa wanangoja nijute, hawatangoja haki."

"Hakuna mlango hata mmoja?" mwalimu akamwuliza.

"Upo mdogo. Kama kuna jambo jipya ambalo mtu hangeweza kulileta, au kosa linaloonekana wazi kwenye karatasi, au sababu nzito kama hiyo, naweza kuombwa nitazame tena. Naombwa mara moja tu. Nikishakataa, mlango umefungwa, na mimi niko ndani."

Aliposema "mimi niko ndani," sikuelewa. Nilidhani ni Kiswahili cha watu wa shule.

Kesi yetu ilipangwa Jumatatu. Mimi nilifika asubuhi mapema, suti ya kijivu, mashahidi wawili. Yule mama hakuwepo. Tarishi wa korti akala kiapo kwamba alifika kwake, akampa samansi, na kwa kuwa mama hajui kusoma akamwambia siku kwa mdomo. Hakimu aliuliza mara tatu: "Ulimkuta yeye mwenyewe? Ulimwambia wewe mwenyewe? Alikujibu nini?" Tarishi akasema, "Alisema sawa, nitakuja." Tukangoja mpaka saa sita. Hakimu akanisikiliza, akaandika, akafunga kalamu. Korti imesema. Kipande ni changu.

Kesho yake, Jumanne, nilikuwa mjini kununua mkanda wa mashine. Nilipita nje ya korti nikamwona. Amekaa kwenye benchi, nguo zake nyeupe za Sabato, kitambaa kimepigwa pasi, mzee mmoja wa kanisa lao ameketi kando yake. Wanangoja kesi iitwe. Nilijua kesi ilikwisha. Nilicheka peke yangu, nikaenda zangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alipoambiwa, aliomba amri itazamwe tena. Tukaitwa wote. Hakimu akamwuliza kwa Kigusii, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, tarishi alikuambia siku gani?"

"Aliniambia siku ya tatu."

Hakimu akamtazama tarishi. Tarishi akatikisa kichwa: ndiyo, siku ya tatu. Hakimu akamrudia mama. "Basi uliambiwa. Kwa nini hukuja siku ya tatu?"

"Nilikuja siku ya tatu, tata. Nilikaa mpaka saa kumi."

Hakimu akadhani mama anadanganya, maana kila mtu pale kortini, Mkatoliki na asiyekuwa na dini, alijua siku ya tatu ni Jumatatu. Si ndiyo jina lake lenyewe linavyosema? Mimi pia nilihesabu hivyo, na la benchi la Jumanne sikulisema. Akamkatalia. Kalamu juu ya faili. Siku za kukata rufaa zikapita, yule mama hana wa kumwandikia, na wapimaji wakaja, wakaona karatasi yangu, wakapiga vigingi.

Miezi mingi baadaye mwanawe Hakimu alioa binti wa Kisabato kutoka upande wa Nyamache. Haya nilisimuliwa na mke wa Hakimu mwenyewe. Binti alituma habari kwamba atakuja kuwasalimu wakwe siku ya tatu. Mama mkwe akapika Jumatatu, kuku wawili, ugali wa wimbi, kila kitu. Hakuna mtu. Wageni waliokuwa wamealikwa wakala wakaondoka wakinong'ona kwamba bi harusi ana kiburi. Jumanne binti akafika anatabasamu, kikapu kichwani.

"Tulikungoja jana!" mama mkwe akamwambia.

"Jana? Jana ilikuwa siku ya pili, mama. Siku ya kwanza ni ile baada ya Sabato. Ndivyo Biblia inavyohesabu."

Mke wa Hakimu alituambia kwamba mumewe alikuwa ameinua kikombe cha uji. Hakukinywa, hakukiweka. Alimwomba binti arudie kuhesabu. Binti, kwa heshima, akahesabu kwa vidole: Jumapili ya kwanza, Jumatatu ya pili, Jumanne ya tatu. Mzee akaondoka mezani, akaenda kusimama kwenye shamba lake la chai mpaka umande ukamlowesha magoti.

Alijaribu. Hilo najua, kwa sababu karani wa korti alikuwa mteja wangu wa unga. Aliandika barua juu, kwa wakubwa, akieleza, akiuliza kama anaweza kumwita yule mama tena. Jibu lilirudi fupi: ombi lilishakataliwa, na huombwa mara moja tu, korti haina kazi tena katika jambo hilo. Yeye aliyeitengeneza sheria ya mkono umetoka, sasa mkono umetoka.

Kuanzia hapo alibadilika katika mambo madogo. Aliwalazimisha matarishi wote kubeba kalenda ya ukutani, ile ya duka yenye picha, na mtu anayepewa samansi lazima aweke kidole chake juu ya siku yenyewe. Matarishi walilalamika: "Tunatembea na kalenda kama wachuuzi." Kwa watu wote mia tano aliowahukumu baadaye aliuliza kwanza siku waliyoambiwa ni ipi, na kama ni wachache zaidi, basi samahani, mimi sikuwahesabu. Na mimi hakunisalimu tena. Tukikutana alivua kofia, akatazama upande, akapita. Nilijitapa sokoni, "Ananiogopa." Watu wakanijibu, "Darasa la Pili, huyo hakuogopi, anakuhurumia." Nilikasirika siku mbili.

Mashine yangu ilisimama pale barabarani, injini ikilia kutoka asubuhi mpaka jioni. Watu wa Keroka, watu wa milimani, hata wa mbali wakaja kusaga. Yule mama alikuwa anapita nje ya ua wangu wa waya na mtungi wake, anazunguka mbali kwenda majini. Hakuwahi kunitukana. Afadhali angenitukana. Nilipoamka kila siku, yeye alikuwa mbele ya dirisha langu la kioo, anazunguka.

Hakimu alistaafu. Mwaka mmoja hivi baadaye, siku isiyokuwa ya soko, nilikuwa nafunga mkanda, mikono imejaa grisi, nikawaona wawili wanapanda kutoka barabarani. Yeye na fimbo, kofia ile ile imefifia. Yule mama nyuma yake, ameshika mwavuli. Nikazima injini. Kimya kikawa kingi ghafla.

"Bwana Mashine," akasema, "sasa mimi si mtu wa korti. Sina amri ya kukupa wala ya kukunyang'anya. Nimekuja kukuomba kitu kimoja, na nimemleta mwenzako ili nisiseme nawe peke yako."

"Sema, mzee."

"Huyu mama hajawahi kusikilizwa. Si na mimi, si na mtu yeyote. Msikilize wewe."

Nilitaka kucheka. Mimi nimsikilize mshitakiwa wangu! Lakini nilivuta magunia matatu, tukakaa. Nikasema, "Haya mama, ungesema nini siku ile?"

Alikuwa amezeeka. Alikunja mwavuli polepole, kama mtu aliyekuwa na siku nzima.

"Mimi, mwanangu, nisingesema mengi. Sikujua maneno ya korti. Ningesema tu: mwiteni mama yake."

Nikaanza kufuta grisi vidoleni kwenye gunia.

"Mama yako ndiye aliyenikatia hapa," akaendelea, "mwaka nilipofiwa na mume na ndugu zake wakanibana. Alipanda mkonge na mimi, yeye upande ule, mimi upande huu. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta kazi Kericho. Nilijua hatanikana."

Hakimu akanigeukia. "Mama yako alikuwa hai siku ya kesi?"

Msomaji, mimi naweza kubishana na dereva, na askari wa barabarani, na mhasibu wa chama. Hapo sikuweza.

"Alikuwa hai," nikasema. "Nilimpandisha lori Jumapili, nikampeleka kwa dada yangu kule Suneka. Nilimwambia anaenda kumsalimu mjukuu."

"Ulijua angesema nini?"

"Nilijua."

Mama yangu aliporudi baada ya wiki mbili alikuta waya. Hakuniuliza. Mpaka alipofariki, kila alipokwenda kwa jirani huyu alizunguka mbali, njia ile ile ya mtungi. Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa niliwaambia hawa wawili.

Hakimu alichora mstari ardhini kwa fimbo. "Miaka yote," akasema taratibu, "nilidhani nimehukumu mmoja bila kumsikia. Kumbe walikuwa wawili."

Nikamwuliza kama kuna la kufanya. Akasema sheria imeacha mlango mmoja, nao hauna sharti la siku: sisi wenyewe tupatane, tuandike, tupeleke kortini na kwa watu wa ardhi. Nikafoka, "Kwa nini hukuniambia zamani?" Akanijibu, "Ningekushauri wewe peke yako? Au yeye peke yake? Hakimu akishakata kesi, haendi nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu namna ya kuikwepa." Nikamwomba aandike karatasi. Akakataa, juu ya kesi hiyo hataandika tena hata herufi. Basi niliandika mimi, kwa mkono wangu wa darasa la pili, herufi kubwa kama za mtoto, na yule mama akaweka dole gumba kwa grisi ya mashine yangu.

Nikamwambia nitaondoa mashine kabla ya mwezi kwisha. Akatikisa kichwa.

"Mashine ikae. Mimi pia nasaga. Lakini shamba ni langu, na wewe utakuja kuniomba."

Na ninamwomba. Kila mwaka mvua zikianza navaa suti, navuka mkonge, nasimama mlangoni pake. Hajawahi kunijibu siku hiyo hiyo. Ananiambia, "Nitafikiri," na mimi mwenye lori mbili narudi nyumbani kungoja.

Siku ile nilimsindikiza Hakimu mpaka barabarani. Nilikuwa najisikia mwepesi, nataka kupongezwa, nisidanganye. Nikamwambia, "Mzee, sasa umeridhika. Yamekwisha."

Akaegemea fimbo yake. "Ninyi mmepatana. Hasara yake imeondoka, na hilo ni jema. Lakini ukienda Kisii ukifungua faili, amri yangu bado imo, na chini yake lile ombi nililolikataa, na sahihi yangu mara mbili. Mapatano yenu yamekaa juu yake. Hayajaifuta."

"Na nani ataifungua?"

"Mimi ninaifungua," akasema, "kila siku."

Akavua kofia, akanipa mkono, akaanza kuteremka upande wa Nyamira. Nilisimama pale nikimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya chai. Kisha nikarudi kuwasha injini.